Chumba cha Heshima Upande wa Machweo

Nyumba yetu tuliipanga tukiwa tumevaa masweta. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mbali wakisikia Katavi wanadhani sisi huku tunatoka jasho mwaka mzima, na hawaniamini nikiwaambia kwamba mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, Mpanda ina baridi ya kumfanya mtu akumbatie kikombe cha chai kwa mikono miwili. Asubuhi kama hizo ndizo tulizokuwa tunakwenda kiwanjani Nsemulwa, mimi na mume wangu, tumejikunyata, miguu inalowa umande, tunanyoosha vidole: sebule hapa, jiko kule, chumba chetu pale kwenye kona. Mume wangu ni dereva wa lori la mahindi, mchana hayupo. Mimi ni fundi cherehani sokoni, na wateja wakishaamka siwezi kutoka. Kwa hiyo kile kiwanja tulikijua kwa asubuhi yake tu. Alasiri yake hatukuwahi kuiona.

Barabara ya vumbi inapita upande wa magharibi wa kiwanja. Kwetu, hilo likishajulikana, habari ya nyumba itazame wapi imekwisha. Nyumba inatazama barabara. Hakuna aliyeuliza, hata fundi mwenyewe. Alifika, akavuta kamba, akaanza kuchimba msingi. Nyumba ikiipa barabara mgongo, watu wanasema mwenye nyumba ana ugomvi na mtaa mzima, au kuna kitu anaficha uani.

Ramani tuliichukua kwa wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye alikuwa ametangulia kujenga Shanwe, hapo hapo mjini. Ile nyumba yake ilikuwa gumzo. Paa limefichwa nyuma ya ukuta, bati huoni hata ncha. Madirisha makubwa ya aluminiamu yenye vioo vya bluu. Dari la jipsamu jeupe, lina maua pembeni. Watu walikuwa wanasimamisha pikipiki barabarani wanaipiga picha, na wifi anajifanya hawaoni. Nasi tuliipenda, tusidanganyane. Na kwa kuwa barabara yao pia iko magharibi, hatukuhitaji hata kuigeuza ramani. Tuliinakili kama ilivyo.

Mimi lakini nilikuwa na langu moja tu katika nyumba ile: mama yangu apate chumba. Kiharusi kilimpiga akiwa kijijini upande wa Ugalla, anamenya mihogo. Kikamchukua upande wa kulia wote, kikamfunga na ulimi. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, ila hasemi. Mkono wa kushoto ndio uliobaki na nguvu. Tulimleta mjini, tukamlaza kwenye godoro sebuleni, maana tulikuwa wapangaji wa vyumba viwili tu, na kila aliyeingia ilibidi amruke miguu. Mama yangu, aliyelea watoto wa watu na kuzika wazazi wa watu, anarukwa miguu na mtu anayekuja kuuliza kama suruali yake iko tayari. Kila jambo hilo lilipotokea nilikuwa nauma meno.

Basi chumba cha mama tulikipanga mbele, pembeni ya sebule, chenye dirisha kubwa kuliko yote, linaloangalia barabara. Kila mtu alitusifu. Baba mkwe wangu, ambaye anaishi kwa yule wifi Shanwe tangu alipowagawia wanawe ng'ombe, ndiye aliyefurahi kuliko wote. Yeye mwenyewe alikuwa amepewa chumba hicho hicho katika nyumba ya binti yake.

"Mkwe wangu akae mbele," alisema, akimaanisha mama yangu. "Mzazi ndiye uso wa nyumba."

Nami nilikuwa nawaza jinsi mama atakavyowaona wauza mkaa wakipita na baiskeli zao, na watoto wa shule, na ng'ombe wanaopelekwa mnadani. Kwa mtu ambaye hawezi kutembea wala kusema, niliona nimemtafutia redio ya macho.

Ikaja Oktoba. Aliyekaa Mpanda anaijua, na ambaye hajakaa sidhani kama nitaweza kumweleza. Nyasi zimeshachomwa, vumbi limepanda hadi kwenye majani ya juu ya miembe, mawingu yanakuja mchana yanatutazama halafu yanaondoka bila hata tone. Wakati huo kuta zetu zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Ndipo tukaletewa taarifa ya msiba, shangazi yangu amefariki kijijini. Tulilazimika kwenda wote wawili, na njia ile mama asingeiweza.

Wifi hakusubiri aombwe. "Mleteni," alisema kwenye simu. "Kwani mimi si mtoto wake?"

Tulipomfikisha Shanwe, tulikuta baba mkwe amekwisha kuhamisha godoro lake. Amejipeleka stoo, akae na magunia, ili mkwe wake alale kwenye kitanda chake, chumba cha mbele. Nilipiga magoti nikamshukuru mpaka machozi yakanilenga. Wifi akatandika mashuka mapya, akashusha pazia zito la rangi ya zambarau. Niliondoka moyo umetulia kabisa, nasema ndani yangu kwamba nimeolewa kwa watu.

Tuliporudi kutoka msibani, mume wangu alipitiliza na lori kwenda kulikabidhi, mimi nikashuka Shanwe na mkoba wangu. Ilikuwa alasiri, kama saa kumi hivi. Nilibisha hodi mlango wa mbele. Kimya. Nikabisha tena, kimya. Nikasukuma mlango.

Joto lililonipokea lilinirudisha hatua moja nyuma. Nilidhani kuna kitu kinaungua. Niliita, hakuna aliyeitika. Makochi yamevalishwa vitambaa vyake, zulia limetandazwa, kila kitu kiko mahali pake na hakuna mtu. Juu ya kabati la televisheni kulikuwa na mshumaa umesimikwa kwenye kisahani, ule wa kuwashwa umeme ukikatika. Mshumaa ulikuwa umepinda katikati, kichwa chake kimelala kwenye mbao. Haukuwa umewashwa. Utambi wake ulikuwa mweupe bado.

Nilisimama nikautazama ule mshumaa kwa muda mfupi sana. Nikakimbilia chumba cha mbele.

Mama alikuwa amelala chali. Dirisha limefungwa, pazia limeshushwa, na nyuma ya pazia jua lote la alasiri limebandikwa kwenye kile kioo. Amefunikwa shuka hadi kifuani kwa heshima. Uso wake ulikuwa mkavu. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba katika joto lile uso wake haukuwa na jasho. Midomo imepasuka. Macho yako wazi yanaangalia dari, na niliposema "mama" yakageuka kwangu taratibu sana. Niliweka kiganja kwenye shingo yake nikakiondoa haraka. Sijawahi kumgusa mtu aliye hai akiwa na moto namna ile.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Ninachokumbuka ni kwamba watu walitokea uani wote kwa mkupuo: wifi ana ungo wa maharage mkononi, watoto wake wanamfuata, jirani mmoja aliyekuja kusukwa nywele zimesimama upande. Wote walikuwa nyuma ya nyumba. Wamekaa kwenye mikeka, kwenye kivuli cha nyumba yenyewe, upepo unawapiga, wanapiga soga. Hatua chache kutoka kwa mama yangu, ukuta mmoja tu katikati.

"Mbona hamkumtoa?" niliuliza. "Nyie mmekaa kwenye upepo, mama mmemwacha humu?"

Wifi alinitazama kama mtu ambaye hakuelewa swali. "Baba yuko huku uani, wifi," alisema.

Na kweli, kupitia mlango wa nyuma nilimwona mzee kwenye kigoda chake karibu na banda la kuku. Alikuwa amesimama nusu, ameshika fimbo, hajui aje au asije.

Kwao, na hata kwetu kwa kiasi fulani, wazazi walioozeshana watoto wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Mmoja akiwa mahali, mwingine hapelekwi pale akalazwa kwenye mkeka, miguu nje, akitazamwa. Mzee alikuwa uani, kwa hiyo mama hakuweza kuwa uani. Mama alikuwa mgeni wa heshima, kwa hiyo asingelazwa penye kuku na sufuria. Dirisha walilifunga kwa sababu malori yalikuwa yanapita na vumbi lingemjaa kifuani. Feni ilikuwepo, ila umeme ulikatika tangu asubuhi. Maji alipelekewa mchana, akanywa vizuri. Nilipomaliza kuelezwa yote hayo nilitafuta mtu wa kumlaumu na sikumpata. Kila jambo walilomfanyia lilikuwa jambo jema. Walikuwa wanamuua mama yangu kwa adabu.

Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji, nimemshika kifuani, wifi anampepea kwa khanga njia nzima. Nesi alimtundikia dripu, akamminya ngozi ya mkono, ngozi ikabaki imesimama.

"Huyu bibi amekaukiwa maji," alisema. "Alikuwa wapi? Mlikuwa naye shambani?"

"Alikuwa ndani," nilisema.

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya nyumba. Amelala chumbani."

Nesi aliinua macho kutoka kwenye sindano akanitazama, kisha akamtazama wifi. Aliona aibu kwa niaba yetu, nafikiri.

Mama alipoanza kupumua vizuri tulikaa kwenye benchi nje ya wodi. Wifi alikuwa analia kimyakimya, kilemba kimemwangukia shingoni. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo sijalisahau.

"Sisi saa nane ikifika tunatoka wote, wifi. Kila siku. Hakuna anayeweza kukaa mle mpaka jua lizame. Hata usiku kuta zinachoma, watoto wanalala sebuleni chini kwenye sakafu."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

"Na sisi tumenakili ramani yako. Nimekuja kwako na futi kupima madirisha, ukanishikia ncha ya futi. Mbona hukuniambia?"

Alijifuta pua. "Ningesemaje? Nyumba mpya, watu wanaipiga picha. Niseme haikaliki?"

Familia nzima inakula chakula cha mchana halafu inafukuzwa na nyumba yake yenyewe, inakwenda kukaa nyuma kama watu wanaosubiri kuruhusiwa kuingia, na jioni inarudi ndani, inawasha taa na kufungua mapazia ili wapita njia waone. Na hakuna aliyesema. Siku zilizofuata, nikitoka hospitali kumwangalia mama, nilikuwa napita mitaani alasiri kwa makusudi. Niliona nilichokuwa sikioni miaka yote. Nyumba mpya zinazotazama magharibi zimefungwa mbele, kimya, vioo vinang'aa. Zamani nilikuwa nasema wenye nyumba nzuri wako kazini. Sasa nikizunguka nyuma nawakuta wote, baba, mama, watoto, wageni, wamebanana kwenye ukanda wa kivuli uani. Tulikuwa tunaheshimu mbele na kuishi nyuma, mji mzima, na kila mmoja anadhani ni siri ya nyumba yake.

Kutoka hapo nilikwenda kiwanjani kwetu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kukanyaga pale alasiri. Niliingia kwenye chumba cha mama, ambacho kilikuwa kuta tu bila paa, nikasimama mahali ambapo kitanda kingekaa. Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja kwenye nafasi ya dirisha, limenipiga kifuani na usoni, na mahali lilipoangukia ndipo mto wa kulalia ungewekwa. Niligusa tofali la ukuta wa mbele, nikatoa mkono. Tofali za kuchoma zikishika joto hazina haraka ya kuliachia. Nilizungukia upande wa pili, nyuma, ambako tulikuwa tumepanga stoo na bafu. Palikuwa na kivuli. Ule upepo mwembamba wa kiangazi, unaotoka mashariki, ulikuwa unaingia pale bila kizuizi, unafika kwenye ukuta wa katikati, unakwama. Jua la asubuhi lingeupata upande huo likiwa bado changa, halafu mchana lingepanda juu likauacha ukuta upumzike. Tulikuwa tumeipa stoo yetu chumba kizuri kuliko vyote. Magunia ya mahindi yangelala kwenye upepo, na mama kwenye moto.

Nilicheka peke yangu pale, kicheko kibaya. Halafu nikampigia mume wangu simu aje hapo hapo, na fundi aje naye.

Niliwaambia ninachotaka. Msingi umeshakaa, siombi nyumba igeuzwe. Naomba vyumba vibadilishane. Stoo na bafu viende mbele, vipokee jua, bafu litakauka vizuri na mahindi hayajawahi kulalamika. Mama aje nyuma, mashariki, dirisha lake litazame uani, na tundu za hewa ziwekwe juu ukutani pande zote mbili ili upepo uingie na kutoka. Sebule ikingwe na baraza pana. Na paa lisifichwe, litoke nje lining'inie, bati lionekane hata kwa kipofu.

Fundi alikuna kichwa kwa penseli. "Mama, stoo mbele? Watu si watajua ni ghala? Na hilo paa la kuning'inia, hiyo si fasheni saa hizi. Huo ni mtindo wa shule za zamani."

"Kwenye shule za zamani ulikuwa unaungua?"

"Hapana, kulikuwa na baridi mle," alisema, akairudisha penseli sikioni.

Mume wangu si mtu wa kelele. Alizunguka vyumba vyote, akagusa ukuta kama nilivyogusa, akarudi. Baraza alikubali. Paa alikubali. Hata stoo mbele alikubali, akisema atavumilia utani wa madereva wenzake. Lililomshinda lilikuwa moja tu.

"Mama hawezi kukaa nyuma," alisema. "Karibu na jiko, karibu na kuku? Watu wakija kumsalimia nawapitisha uani? Na baba atasemaje?"

"Baba ameona kilichotokea."

"Ameona. Ila hili ni lazima aulizwe."

Tulikwenda Shanwe kumuuliza. Tulimkuta baba mkwe uani, kwenye kigoda, mgongo kwenye ukuta wenye kivuli, kuku wanadonoa miguuni pake. Nilikaa mbali kidogo kama inavyonipasa. Mume wangu akaeleza kila kitu, pole pole. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akisugua fimbo yake kwenye vumbi.

"Mama yenu nimemwonea huruma," alisema. "Lakini mzazi haendi uani. Mkimweka nyuma mkwe wangu, watu watasema tumemweka na kuku. Wekeni baraza, pandeni mti, nunueni feni. Abaki mbele."

Nilimtazama. Kuku mmoja alikuwa amepanda juu ya kandambili yake. Nilikuwa na maneno mdomoni, na kama ningekuwa binti yake badala ya mke wa mwanawe ningeyasema yote. Niliyameza. Njiani kurudi nililia kwa hasira.

Jioni yake alikuja na wazo ambalo aliliona la kututuliza wote. Mama alikuwa amesharudi kutoka hospitali. "Tumpeleke akione chumba chenyewe," alisema. "Akiiona ile barabara, watu wanapita, wewe mwenyewe utaona uso wake. Tutakinga jua kwa baraza, halitamfikia." Alikuwa anasema kwa nia njema kabisa, na ndiyo sababu sikugomba.

Tulimpeleka alasiri, tumemkalisha kwenye kiti cha plastiki na kumfunga khanga kiunoni asiteleze. Mume wangu alishika kiti kwa nyuma, uso ameugeuza pembeni, maana mkwe hamgusi mama mkwe wake. Fundi alishika miguu ya mbele ya kiti. Mimi nilitembea ubavuni. Tulipita kwenye uwazi wa mlango mkuu, tukakatiza sebule, na mama alikuwa anaangalia kila kitu. Kuta alizitazama. Alitazama juu, mbingu iko wazi. Niliona kitu kama furaha kwenye nusu ya uso wake inayofanya kazi, na moyo ukanilainika.

Tukafika kwenye mlango wa chumba cha mbele. Kile chumba kilikuwa kimejaa jua mpaka kona. Fundi aliingia mguu mmoja, halafu kiti kikakwama.

"Kimegonga wapi?" aliuliza mume wangu.

Hakikuwa kimegonga popote. Mama alikuwa amenyoosha mkono wake wa kushoto, ameshika ukingo wa ukuta, pale tofali zinapoishia kwenye nafasi ya mlango. Ameushika kwa vidole vyote. Fundi akavuta kidogo akidhani ni khanga imenasa, na kiti kikainama, na mkono haukuachia.

"Mama," nilisema, "achia, utaumia."

Nilijaribu kumtoa vidole. Ni mimi peke yangu niliyeweza kumgusa, wale wawili walikuwa wamesimama na kiti mikononi. Nilishika kidole cha kwanza nikakikunjua, nikaenda cha pili, cha kwanza kikarudi. Kucha zake zilikuwa zimeingia kwenye udongo wa tofali, vumbi jekundu linadondoka. Mkono ambao huwa unashindwa kushika kijiko cha uji hadi mwisho. Nikainua macho nimwangalie. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia lile dirisha, na alikuwa anatetemeka kidevu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kule Shanwe nilikuwa nimejipa moyo kwamba labda hakujua, labda alipoteza fahamu mapema, labda mtu wa kiharusi hasikii joto kama sisi. Alijua. Alilala mle akiwa anajua kila kitu, anasikia sauti zao za uani kupitia ukutani, wifi anacheka huku anachambua maharage, na hakuwa na namna ya kusema. Na sasa alikuwa ameipata namna.

"Mshusheni," nilisema.

Wakakishusha kiti pale pale mlangoni. Mama hakuachia ukuta mpaka mume wangu aliporudi nyuma, akakivuta kiti taratibu kuelekea upande wa mashariki, kwenye kivuli. Mkono ukaanguka mapajani wenyewe. Nilimpangusa vumbi kwenye vidole. Nilikuwa nalia waziwazi na sikuona haya, hata mbele ya fundi.

Mume wangu alikaa juu ya rundo la tofali. Kisha alitoa simu, akampigia baba yake, akaiweka sauti ya nje ili sote tusikie. Tulisikia kuku kwanza, halafu mzee.

"Baba, mama amekikataa kile chumba cha mbele."

"Amekikataa vipi, na mama huyo haongei?"

"Ameshika mlango. Tumeshindwa kumpitisha."

Nilijua saa hizo amekaa wapi, na ni kitanda kipi kinachomsubiri jua likizama, maana tangu mama aondoke alikuwa amerudishwa kwenye chumba chake cha heshima. Tulimsikia anakohoa. Mume wangu akasema, "Baba, upo?"

"Nipo," alisema. Kisha sauti yake ikashuka, akasema neno ambalo hakutuambia sisi, alikuwa anajisemea mwenyewe.

"Kumbe mtu anaweza kukataa."